Duara Lenye Mlango

Juzi wali uliungua nyumbani kwangu na nikashindwa kumgombeza aliyeuunguza. Wanaonijua watashangaa, maana mimi ni mtu wa kugombeza, hata kuku wa jirani wanalijua hilo. Mjukuu wangu alikuwa ameachiwa sufuria jikoni. Aliniambia, "Bibi, we pumzika, mimi naangalia," kumbe anaangalia karatasi ngumu aliyotoka nayo shule. Harufu iliponifikia chumbani nikatoka na mwiko, maneno yameshajipanga mdomoni. Nikamkuta amepiga magoti mkekani, ameshika bikari ya chuma, ncha moja ameichoma katikati ya karatasi, upande wa pili amefunga kipande cha penseli, anazungusha polepole huku ulimi umemtoka pembeni. Alikuwa amechora duara, na ndani yake ua la majani sita lilikuwa limeanza kujitokeza.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Kazi ya sanaa, Bibi. Mwalimu wa hesabu ameungana na mwalimu wa kuchora. Tumeambiwa tutengeneze nakshi kwa duara na pembe tu, hakuna kubahatisha kwa mkono. Hebu ona, upana wa bikari siubadilishi. Nikiutembeza ukingoni unaingia mara sita kamili."

Nyumba nzima inanuka wali ulioungua, na mtoto ananiambia mara sita kamili. Nilikaa chini palepale, mwiko mkononi. Alipokumbuka sufuria akaruka, akaomba radhi, akataka kwenda kuutupa ukoko. Nikamwambia auache kwanza. Sijui nilitaka kuufanyia nini.

Nyinyi wa rika langu ambao bado mpo, mliosoma chuo cha Kurani kabla ya vita vya Majimaji, hamna haja ya kuelezwa harufu ile. Ndiyo harufu ya wino wetu. Ukoko ulichomwa mpaka ukawa mkaa mtupu, ukasagwa, ukatiwa utomvu na maji kidogo, ukakorogwa ndani ya kifuu cha nazi. Vidole vyetu vilinuka hivyo mwaka mzima. Mama alikuwa akisema hana haja ya kuniita nikiwa gizani, atanusa tu.

Kijiji chetu kilikuwa pale mto unapoanza kujigawa kwenda baharini. Upande mmoja mashamba ya mpunga yalishuka mpaka yakakutana na mikoko, upande wa pili ardhi ilipanda taratibu kuelekea Kibiti. Chuo kilikuwa banda la makuti ubavuni mwa msikiti. Mwalimu wetu alikuwa na mguu mmoja mkavu. Ujanani alikuwa fundi wa kuchonga milango kwenye miji ya pwani, mpaka siku gogo lilipomwangukia, ndipo akarudi kwao kufundisha watoto. Alikuwa na hasira za karibu, na sauti yake ya kusomea ilipitia puani. Ila alipokuwa akichora nakshi, uso wake ulilainika mpaka tukawa tunamwonea haya.

Kila mtoto alikuwa na ubao wake. Mwalimu aliandika somo kwa kalamu ya mwanzi, ukalihifadhi, kisha ukaosha ubao ili aandike jingine. Maji yale hayakumwagwa ovyo, maana yana maneno matukufu. Tuliyamwaga kwenye shina la mgomba ambako hapakanyagwi, na mara nyingine tuliyanywa, mikupuo mitatu, ili somo liingie mwilini lisitoke. Mtu akiugua, Mwalimu aliandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani iliyonunuliwa duka la Mhindi, akaiosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe, nanyi mnalijua. Mimi nililielewa kwa akili yangu ya utoto hivi: kilichoandikwa ukikinywa kinakaa ndani yako, na kinafanya kazi kama kilivyoandikwa.

Mwaka ule Mwalimu aliamua kwamba kabla ya maulidi kila mtoto atachora ua la majani sita nyuma ya ubao wake, upande usiooshwa, na mbao zote zitapangwa ukutani ili wazazi waone kwamba watoto wao hawakai bure. Vifaa vilikuwa mwiba, uzi na ile kalamu ya mwanzi. Mwiba unaukandamiza katikati ya ubao kwa kidole gumba, uzi unaufunga kwenye mwiba, ncha ya pili kwenye kalamu, unazungusha. Hapo umepata duara. Kisha, bila kuubadili urefu wa uzi, unauhamishia mwiba ukingoni na kuzungusha tena, na upinde unaochoreka unapita kwenye kitovu na kugusa ukingo pande mbili. Unahamia kwenye alama hiyo, unachora, unahamia nyingine, mpaka mara ya sita, na ya sita inatakiwa irudi palepale ulipoanzia, isipungue wala isizidi.

"Kwa nini sita?" nilimuuliza.

"Kwa sababu Mwenyezi Mungu hakutaka saba," akanijibu. "Chora."

Uzi wangu ulikuwa wa makumbi ya nazi, mama alinisokotea. Ulikuwa unavutika. Kila nikizungusha unarefuka kidogo, na jani la sita likapita kando, halikukutana na la kwanza. Nilirudia mara nne. Mwalimu alikuja akichechemea, akaangalia, akawaita wenzangu wote waje waone. "Duara la mwenzenu lina mlango," akasema. "Ng'ombe wataingia." Wakacheka. Kisha akatueleza, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Duara likifungwa barabara, kila kilicho ukingoni kiko mbali sawasawa na kitovu. Hakuna kinachoweza kukisogelea kitovu kupita urefu wa uzi." Alikuwa akitufundisha duara. Mimi nilidhani anatufundisha kinga.

Nilirudi nyumbani nikilia. Baba alikuwa ametoka shamba la pamba. Shamba lile lilikuwa la jumbe, kwa amri ya Wadachi, yaani Wajerumani, na watu wote wa kijiji walilazimishwa kulilima huku mpunga wao ukiliwa na nguruwe. Baba alikuwa mtu wa mpunga. Miezi ya kulinda shamba aliishi juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu, akipiga debe na kuimba vibaya, na mimi ndiye niliyempandishia chakula chake kwa ngazi ya kamba. Siku ile hakuniuliza nalia nini mpaka nilipomaliza. Nilipomweleza, akafungua fundo la shuka yake. Ndani mlikuwa na pamba iliyojaa ngumi moja.

"Hii haivutiki, mama," akaniambia. Alikuwa akiniita mama kama wanavyowaita binti zao wanaume wa kwetu.

Akaisokota juu ya paja lake, akitemea mate kiganjani, akaipaka nta ya nyuki mpaka uzi ukakaza na kung'aa. Alichukua muda mrefu. Mama alimwambia, "Baba wewe, hiyo si ya kuchezea," naye akajibu, "Nachezea na mwanangu." Sikumwelewa mama alimaanisha nini.

Kesho yake ua langu lilifunga. Jani la sita liliingia kwenye ncha ya la kwanza kama mguu kwenye kiatu chake. Mwalimu alipitisha ukucha kuzunguka ukingo wote, akarudi alipoanzia, hakuna alipokwama. "Hapa hata sisimizi hapiti," akasema, akauweka ubao wangu katikati ya mbao zote. Ule uzi niliuzungusha kwenye kifundo cha mkono kama bangili. Sijawahi kuwa na fahari kama ile tena, si siku ya harusi yangu, si siku nilipozaa.

Ndiyo fahari iliyonisemesha. Msimamizi wa pamba alikuja chuoni kuwachukua wanafunzi wakubwa wakavune. Alikuwa na kiboko kwapani. Alisimama kuangalia maua yetu, akayasifu, kisha akauona mkono wangu.

"Uzi mzuri huo. Nani kakusokotea?"

"Baba!" nikasema kwa sauti, wote wasikie.

"Kwa pamba ya wapi?"

"Ya shamba."

Mwalimu alikohoa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya baraza la jumbe. Sikuona. Nilichoona ni alivyoletwa, ameshikwa makwapa na wanaume wawili, akalazwa kifudifudi kitandani, na mama anamdondoshea mafuta ya nazi mgongoni bila kumgusa kwa sababu hapakuwa na pa kugusa. Nilisimama mlangoni. Nilitaka ardhi inimeze na haikunimeza.

"Baba, mimi ndiye niliyesema."

"Najua. Hukusema uongo. Ua lilifunga?"

"Lilifunga."

"Basi vizuri. Niletee maji ninywe."

Siku zile habari za dawa zilikuwa zimeshafika kwetu. Watu walisema upande wa juu wa mto kuna maji ambayo ukiyapata, risasi ya Mdachi ikikugusa inageuka tone la maji. Kabla ya viboko baba alikuwa akiwacheka waliokwenda. "Maji?" alikuwa akisema. "Nimezaliwa ndani yake, kila mwaka yananipigia hodi mlangoni, sijaona yakizuia hata mbu." Baada ya viboko hakucheka tena. Mgongo ulipoanza kukauka aliondoka na wenzake, akarudi baada ya siku kadhaa, amekonda, hasemi na mtu, na mama akawa anatandika mkeka wake mbali naye kwa sababu ndiyo masharti ya dawa.

Nilimngoja awe peke yake. "Baba, maji yao yana nini ndani?"

"Mtama. Na dawa zao."

"Yameandikwa?"

"Hayakuandikwa kitu."

Hapo nikaogopa. Nawaambieni ukweli, sikuogopa siku ya viboko kama nilivyoogopa siku ile. Maji yasiyoandikwa kitu yatajuaje la kufanya? Niliwaona watu wazima wote wamekosea jambo dogo ambalo hata mtoto wa chuo analijua, na mtu anayekwenda kufa kwa kosa hilo ni baba yangu, na aliyempeleka ni mimi.

Asubuhi ya kuondoka kwao kwenda vitani nilishusha sahani ya kauri ya mama, nyeupe yenye ukingo wa buluu, aliyopewa siku ya harusi yake. Zafarani sikuwa nayo, nilikuwa na wino wa ukoko. Nilitia mwiba katikati ya sahani, uzi wa pamba, kalamu. Wenzake walikuwa wameshaanza kuita kutoka njiani. Nilichora duara, na kwenye kitovu nikaandika jina la baba kwa herufi nizijuazo. Nikaanza majani. La kwanza, la pili, la tatu. Sahani ilikuwa inateleza, si ubao. Kwenye la tano nikasikia mwiba unahama chini ya gumba langu. La sita halikufika. Ilibaki nafasi ya punje moja ya mtama.

Nilitaka kufuta nianze upya. Baba alikuwa ameshasimama mbele yangu na mundu na mkuki.

"Unafanya nini, mama?"

"Kombe lako."

Akachuchumaa. Niliona uso wake ulivyojikunja kwa ajili ya mgongo. Akaitazama sahani kwa makini, kama anavyotazama mpunga kama umeiva. Akaweka kidole pale. "Na hapa mbona pamebaki wazi?"

Sikuweza kumwambia kwamba nimeharibu. Wanaita, hakuna wakati, na yeye anakwenda. Neno likanitoka lenyewe. "Huo mlango nimekuachia wewe. Utaingilia hapo ukirudi."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Basi usifungwe," akasema. Akamimina maji mwenyewe kutoka mtungini, akayakoroga kwa kidole mpaka ua lote likaisha, akanywa mikupuo mitatu. Meno yake yakawa meusi, akacheka, na ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokiona, cheusi namna ile. Uzi nikamfunga mkononi. Akatoka. Sharti la dawa lilikuwa wasitazame nyuma, naye hakutazama.

Siku chache baadaye nilisikia mbali sana sauti ya kutwanga. Ilikuwa ya haraka, kama wanawake mia wanatwanga mpunga wa harusi nao wamechelewa. Nilikwenda kumwambia mama kwamba kuna harusi upande wa juu. Mama alikuwa amesimama uani ameshika kichwa. Wale mliokuwa karibu zaidi mnajua sauti ile ni ya nini. Bunduki yenyewe ya Wadachi, ile inayomimina risasi mfululizo, baadaye tuliiita bombom.

Waliorudi walirudi mmojammoja, na hawakupita njia kuu. Baba hakuwamo. Mmoja alimwambia mama, "Sikumwona akianguka. Nilimwona akikimbia." Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mimi nililala nikihesabu majani, moja mpaka sita, na kila nikifika sita nafasi ile inafunguka. Niliona risasi inazunguka duara, inatafuta, inatafuta. Msiulize mtoto analala vipi na mawazo kama hayo.

Kisha moshi ukaonekana. Askari walikuwa wanachoma vijiji na maghala. Mama akafunga mpunga uliobebeka, akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono.

"Sitoki," nikasema. "Baba akirudi atatukuta wapi?"

"Akirudi atatutafuta. Twende."

"Nimemwambia ataingilia hapa!"

Alinipiga kofi, mama ambaye hakuwahi kunipiga, kisha akalia yeye. Tukatoka. Tulipofika chuoni nikauchomoa mkono wangu, nikakimbilia ndani. Mwalimu alikuwa amekaa peke yake chini ya zile mbao. Alisema mguu wake utamwacha njiani, bora wamkute anasoma. Nikatungua ubao wangu, ule uliofungwa, ambao hata sisimizi hapiti. Nikaulamba ukucha, nikafuta ncha ya jani la sita, punje moja ya mtama, ili ufanane na ule wa sahani. Mwalimu aliniona.

"Baba akija mpe huu," nikamwambia. "Aone mlango bado uko wazi. Umwambie tutarudi hapahapa."

"Nitampa," akasema.

Tulikaa mikokoni, sijui miezi mingapi. Tulilala juu ya vichanja, maji yakijaa yanapita chini yetu. Tulikula kaa, tukala mizizi ya yungiyungi, tukala vitu ambavyo sitavitaja kwa sababu wengine mnaosoma mmevila na mnajua. Mdogo wangu alikufa huko, akiwa na meno manne. Mama alimzika kwenye kisiwa kidogo cha mchanga na maji yakakichukua kisiwa. Muda wote huo sikumlilia mdogo wangu ipasavyo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikiwaza nyumbani, kwamba baba ameshafika, anatungoja, nasi tunachelewa. Niliwaza hivyo kwa nguvu mpaka nikawa na furaha kidogo, kwa siri.

Vita vilipotulia tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa nguzo nne nyeusi. Msikiti ulisimama, na banda la chuo nusu yake. Mwalimu alikuwa hai, mifupa na ngozi. Mama alipomwona akapiga magoti. "Shikamoo, Mwalimu. Mume wangu?"

"Alikuja," Mwalimu akasema.

Niliruka. Nakumbuka miguu yangu iliacha ardhi. Alikuja! Duara lilikuwa limefanya kazi!

"Alikuja siku ya nne baada ya nyie kuondoka," Mwalimu akaendelea, akimtazama mama tu. "Ana jeraha begani, si kubwa. Aliniambia risasi zilipita kulia zikapita kushoto. Nikampa ubao, kama alivyoniagiza huyu mtoto. Nikamwambia wako mikokoni, fuata maji yakipwa utawakuta, huku askari wanarudi. Akasema, 'Mikondo ni mingi, Mwalimu. Nikishuka huu wao wakapanda ule, tutapishana. Mwanangu kasema nitaingilia hapa. Wacha niwangoje.' Nikamsihi. Nilimsihi, dada yangu, wallahi. Akakaa pale kwenye nguzo. Siku mbili kaupakata ubao, anasugua pale kwa kidole gumba. Siku ya tatu wakaja."

Mama hakuuliza wakamfanya nini. Mwalimu alielekeza kidevu nyuma ya msikiti, kwenye udongo uliotuna ambao nyasi zilikuwa zimeanza kuuota. Alimzika mwenyewe, kwa jembe lililovunjika mpini, na mguu wake ule.

"Na uzi?" nikauliza.

"Nimemzika nao."

Akaingia bandani akatoka na ubao wangu. Sikutaka kuutazama nikautazama. Majani matano yalikuwa vilevile, meusi, mazuri. La sita lilikuwa limefutika mpaka nusu. Pale nilipoacha punje ya mtama, gumba la baba lilikuwa limeupanua mlango ukatosha kupitisha kiganja. Mti wenyewe ulikuwa unang'aa kwa kusuguliwa.

Mama aliupokea, akauweka mapajani. Kisha akasema, "Uoshe." Nikauosha kwa maji ya mto, upande usiooshwa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hatukuyamwaga. Mama akanywa mikupuo mitatu, akanipa, nami nikanywa mitatu. Yalikuwa na ladha ya moshi na ya mkono wa mtu.

Tangu hapo Mwalimu alifundisha kusoma tu. Hakuna aliyechora tena chuoni kwetu.

Nimeishi sana. Nimeolewa Mahege, nimerudi Kibiti, nimezika wengi. Wachache niliowasimulia habari za viboko na za kombe wameniambia kwamba mtoto hana kosa, kwamba aliyemuua baba ni aliyeshika bunduki. Ni kweli, na ninaikubali kweli hiyo mchana kutwa. Lakini lile la ukucha wangu sijamwambia mtu. Mama alikufa akijua kwamba baba aliupata ubao na akatungoja kwa mapenzi yake. Hakujua kwamba ubao ule ulikuwa umefungwa barabara, na kwamba niliyeufungua ni mimi, kwa mate yangu, ili aje. Risasi hazikumuua popote alipokimbilia. Zilimuua pale nilipomwambia aingilie.

Mjukuu wangu alikuwa ameshafika jani la sita. Nikasikia anafyonya.

"Bibi, ona. Bikari imeteleza. Imebaki kidogo haijafika."

Nikaangalia. Punje ya mtama.

"Mwalimu hataona," akasema. "Niiache tu hivyohivyo?"

"Funga."

"Bibi, itabidi nifute yote nianze upya. Ni kidogo tu."

"Nimesema funga!"

Sauti yangu ilimtisha. Akachukua ufutio, akafuta ua lote, akaanza tena kutoka kwenye kitovu, akininung'unikia chini kwa chini. Nilisimama juu ya kichwa chake, mwiko bado mkononi, mpaka jani la sita lilipoingia kwenye ncha ya la kwanza. Nikainama, nikapitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Haukukwama popote.

Mtoto akainua uso akaniona.

"Jamani, Bibi," akasema, akinishika mkono. "Usilie. Ni wali tu, nitapika mwingine."